Mkungu wa Sekela

Mimi sijawahi kushindwa kuuza kitu. Nisikilizeni vizuri: sijawahi. Siku ya mavuno kanisani kwetu Nkunga, ibada ikishakwisha na mazao yakipangwa mbele kwa ajili ya mnada, anayeitwa mezani ni mimi. Mwaka juzi niliuza yai moja mara nne. Mtu analinunua, anamzawadia mchungaji, mchungaji analirudisha mezani, naliuza upya, na kila mara bei inapanda kana kwamba ndani yake kuna ndama. Mwaka jana niliuza debe la viazi vya Isongole ambavyo nusu yake vilikuwa vimeshaota. Niliwaambia waumini hiyo ni mbegu, Mungu amewarahisishia kazi. Wakanunua. Mzee Anyitike, mzee wa kanisa, alicheka mpaka akavua miwani.

Jina langu Gwakisa, ila Nkunga nzima wananiita Dalali. Nina kidato cha nne, pikipiki ya mkataba ambayo bado nailipia, na mdomo. Kwa hiyo Jumapili ile ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umelala juu ya migomba, nilivaa shati langu jeupe nikamwambia mama jikoni, "Leo utaona, mama. Hata mawe nitauza."

Mama hakucheka. Alikuwa amechutama mbele ya mkungu wa ndizi, mkubwa ajabu, chane kumi na moja, anafunga kipande cha boksi kwenye kikonyo kwa uzi wa katani. Juu ya boksi alikuwa ameandika, kwa herufi za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: SEKELA ABRAHAMU.

"Mama, si ungeandika tu 'familia ya marehemu Abrahamu'?"

"Nani kapanda?"

"Sekela."

"Nani kapalilia?"

"Najua, mama, lakini..."

"Basi nimeandika aliyepanda." Alikaza uzi kwa meno. "Wamesema asiimbe. Wamesema asishiriki meza ya Bwana. Kuhusu ndisi hawajasema kitu. Wewe utasoma jina la mtoto wangu mle ndani, kwa sauti yako ile ya mnada, watu walisikie. Ni hilo tu ninaloomba, baba."

Mama akiniita baba, najua hapo hakuna utani.

Dada Sekela alifundisha kwaya yetu miaka tisa. Pasaka mwaka huu mtu alisoma ujumbe kwenye simu yake, Nkunga ikajua kwamba yeye na Mwalimu Happy, mwalimu wa kike wa sayansi aliyeletwa na serikali kutoka Singida, walikuwa wanapendana, na siyo kwa namna ya marafiki. Mwalimu Happy alihamishwa ndani ya wiki mbili. Dada aliondolewa kwenye kwaya, akawekwa chini ya nidhamu, na tangu siku hiyo husikiliza ibada akiwa nje, kwenye mawe chini ya dirisha, ili asimpe mtu taabu ya kuhama benchi.

*

Nilianza vizuri. Jogoo wa Mzee Anyitike nilimuuza elfu arobaini kwa mama mmoja mgeni mwenye koti jekundu, mnunuzi wa maparachichi aliyekuja na mwenyeji wake. Nilimwambia jogoo huyo anaimba besi na hajawahi kukosa mazoezi. Kanisa lilicheka. Nilikuwa nimewasha moto.

Kisha Rodrick akauleta mkungu. Rodrick ndiye besi yetu ya kweli, mrefu, mpole, na siku hiyo alikuwa anabeba mazao kuyaleta mezani. Alikuwa ameukumbatia kama mtu anayebeba mgonjwa. Akauweka, akageuza boksi ili nilione vizuri.

Nilisoma. Lakini wacha niseme ukweli, kwa sababu mengine yote nitakayosema yanaanzia hapo: nilisoma kwa sauti ndogo. "Mkungu wa ndizi. Kutoka kwa Sekela Abrahamu."

Watu wakatazamana.

"Tuanze na elfu tano, wapendwa. Elfu tano. Angalieni chane hizi." Hakuna. "Elfu nne. Elfu tatu na nusu." Watu wakaanza kuvisoma vitabu vyao vya nyimbo, hata wale ambao walivishika juu chini. "Mama Tulinagwe, wewe si una wageni wa Dar? Watakula nini?" Mama Tulinagwe akafungua pochi, akachungulia ndani kana kwamba kuna mtu anamwita humo, akaifunga.

"Elfu mbili," ikasema sauti kutoka benchi la tatu, upande wa wanawake.

Kila mtu aliijua hiyo sauti. Kwetu mwenye mazao hanunui mazao yake mwenyewe. Akifanya hivyo ametangaza kwamba hakuna aliyeyataka. Mama alikuwa amenyoosha mkono na noti mbili zimekunjwa kwenye vidole. Nilimwona. Nikaangalia upande mwingine kana kwamba sijasikia.

Mfukoni nilikuwa na elfu nane zangu, na hakuna sheria inayomzuia dalali kununua. Lakini Mzee Anyitike alikuwa ananitazama, watu mia mbili walikuwa wananitazama, na mimi sijazoea kutazamwa na watu ambao hawacheki. Basi mdomo ukajiokoa wenyewe. Uliniacha mimi nyuma.

"Jamani, si mmesikia umetoka kwa Sekela?" nikasema. "Wanaume msijisumbue, huu hauwataki. Haya, wanawake! Nani anauoa?"

Kanisa likapasuka. Mzee Anyitike akavua miwani. Mchungaji akaweka leso mdomoni, mabega yanaruka. Kicheko kikatoka madirishani, kikaenda nje kwenye mawe.

Rodrick hakucheka. Alinitazama, halafu akatoka kwa mlango wa pembeni. Nikadhani ameenda kuleta gunia la mahindi.

Mkungu ulisogezwa ukutani. Haukuuzwa. Nilipotafuta benchi la tatu kwa macho, mkono wa mama ulikuwa umeshashuka.

*

Nilirudi na mkungu nyumbani kwenye pikipiki. Sekela alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya viazi, mama anasonga ugali. Niliutua mkungu kwenye kona, na mimi nikataka nitoke.

"Gwakisa."

"Naam, dada."

"Nilisikia jina langu. Halafu watu wakacheka." Kisu chake hakikusimama. Ganda la kiazi lilikuwa linashuka refu, bila kukatika. "Kilisemwa nini?"

"Ah, upuuzi. Wewe unawajua watu."

"Niambie."

Nikamwambia. Nilimwambia maneno yale yale, lakini nikayasema kwa kuangalia chini, kama mtu anayesimulia kosa la mwingine.

Ganda likakatika. "Nani alisema?"

Ningeweza kusema sikumwona. Ningeweza kusema mtu wa nyuma. Lakini mimi nikibanwa hutoa jina lililo karibu, na jina lililokuwa karibu lilikuwa la mtu aliyekuwa amesimama pembeni yangu.

"Rodrick."

Mwiko wa mama ulisimama ndani ya sufuria. Mama alikuwepo kanisani. Alisikia kila kitu. Nilisubiri aseme. Akaendelea kusonga, kwa nguvu zaidi kuliko ugali ulivyohitaji, na alipopakua, alisukuma sahani yangu bila kuniangalia. Tangu siku hiyo alinipa chakula hivyo hivyo.

Kesho yake jioni Rodrick alikuja. Mvua ya Rungwe, ile nyembamba isiyoamua kama inanyesha au inapita, ilikuwa imemlowesha mabega. Mkononi alikuwa na daftari lenye noti za nyimbo. Mnatakiwa kujua kwamba tangu Pasaka, kila wiki, Rodrick alikuwa analeta daftari lile kwa siri, Sekela anasahihisha sauti ya pili na ya tatu, na kwaya ikiimba vizuri Jumapili hakuna anayejua kazi ni ya nani. Nkunga nzima, nje ya nyumba yetu, ni yeye peke yake aliyekuwa bado anamwita dada yangu "mwalimu".

"Hodi! Mwalimu?"

Sekela alikuwa nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa uani nafuta mnyororo wa pikipiki, namwona yeye ndani na Rodrick nje, na mbao moja tu kati yao.

"Mwalimu, nimekuja kusema pole. Kwa yale ya jana."

Alisubiri muda ambao mtu huchemsha chai. Halafu akanigeukia. "Dalali, yupo?"

"Hayupo," nikasema.

Akanitazama kwa namna ile ile ya kanisani. Nadhani alikuwa anasubiri nami niseme jambo. Akaliweka daftari juu ya kinu, akalifunika na ungo lisilowe, akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata hiyo.

*

Sekela akaanza kutafuta pa kusali.

Kwanza alikwenda mjini Tukuyu, kwenye kanisa moja jipya lenye spika kubwa kuliko mlango wake. Sikuwepo, lakini kuta zetu ni za mbao na masikio yangu ni mazima, na aliporudi nilimsikia akimsimulia mama. Walimpokea vizuri, wakampa kiti cha mbele. Halafu wakamtaka asimame, akabidhi simu yake, na ataje jina la Mwalimu Happy kwenye maiki ili kifungo cha shetani kikatike.

"Nikawaambia nitataja jina langu tu," Sekela alisema.

"Wakasemaje?"

"Kwamba bado sijawa tayari, nirudi nikiwa tayari. Na nauli ya kurudi wakanipa, mama. Elfu moja. Wakaniwekea kwenye kiganja mbele za watu, kama mtu aliyekuja kuomba."

Mama alisonya. "Basi utakuwa unasali hapa hapa nyumbani. Mungu si anaingia hata jikoni."

"Mama, mimi ni sauti ya pili. Sauti ya pili inaimba na nani chumbani?"

Nilijifunika blanketi kichwa kizima. Ilikuwa saa tisa mchana.

Siku chache baadaye ujumbe ukaja kutoka kwa Mwalimu Happy, mfupi. *Kijijini Masoko. Kwa Bibi Alinanuswe, mjane wa mwinjilisti. Hakuna kibao. Wanasali Jumapili saa nane. Nenda.* Sekela alimsomea mama mara mbili. Mama akanyanyuka, akanikuta uani.

"Utampeleka wewe."

"Mama, Jumapili ndiyo siku yangu ya abiria. Yuko Erasto wa bodaboda, anaweza..."

"Wewe." Halafu akashusha sauti mpaka nikalazimika kuinama. "Nimekuachia njia yote kutoka hapa mpaka Masoko. Useme mwenyewe. Mimi sitakusaidia, na sitakusemea."

Jumapili asubuhi Sekela aliunyanyua mkungu kutoka kwenye kona. Haukuwa umeguswa na mtu, ulikuwa umeivia hapo hapo, wa njano na madoadoa, jikoni kote kunanukia. Boksi la mama lilikuwa bado linaning'inia kwenye kikonyo. Tukaufunga nyuma ya pikipiki kwa mpira, Sekela akakaa katikati, na tukashuka kupita Tukuyu, mashamba ya chai yakiwa yamelowa pande zote mbili.

Kutoka kwetu mpaka Masoko ni njia ndefu. Nilifungua mdomo mara tatu. Mara ya kwanza nikamwambia barabara ni mbaya. Mara ya pili nikamwambia chai ya mwaka huu imekubali. Mara ya tatu nilisema, "Dada," naye akasema, "Nini?" nikasema, "Jishike vizuri, kuna kona."

*

Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, katikati ya migomba na kahawa, kama nyumba yoyote. Bibi Alinanuswe alitokea mlangoni amejifunga kanga mbili, mfupi, macho makali.

"Ugonile, mama," alimwambia Sekela, salamu yetu ya nyumbani.

"Ndaga, Bibi."

Halafu macho yakaanguka kwenye mkungu. Akashika boksi, akalisogeza mbali kama wafanyavyo wasioona karibu, na akasoma kwa sauti kubwa kabisa, nyumba nzima ikasikia: "Sekela Abrahamu! Kalibu, Sekela Abrahamu. Jina suli. Masao hapa hatuusi, mwanangu. Tunakula."

Dada yangu akaweka mkono mdomoni. Nilijua anamfikiria nani. Mimi pia nilimfikiria, na mkono wake na noti zake mbili.

Nilitaka kubaki kwenye pikipiki, ila mvua ikaja ya kweli na Bibi akanivuta kwa mkono wa shati. Mlangoni palikuwa na kapu la simu. Kila anayeingia anaweka yake humo, imezimwa, hakuna anayepiga picha ya mwingine. Ndani walikuwa watu sita kwenye mikeka na viti. Modesta, nesi wa zahanati, mtu wa Morogoro. Andrea, kijana mchuma chai, mikono imekauka kwa utomvu. Na wengine ambao majina yao sikuyashika, au niliyashika na si yangu kuyatoa. Jikoni nyuma kulikuwa na mtu anakaanga kitu, sufuria zinagongana.

"Na wewe, kijana?" Bibi aliuliza. "Wewe nani?"

Wote wakanigeukia. Walikuwa watu wa kawaida mno. Sijui nilitegemea nini.

"Mimi dereva tu, Bibi. Bodaboda. Nimeleta abiria."

Sekela alinitazama mara moja. Halafu akatazama mkeka. Hakunisahihisha.

Bibi akaongoza sala fupi, akasema maneno machache akiwa amekaa. "Mimi nina mtoto anaitwa Prosper. Walipomfukusa kanisani, mimi ndiye niliyembebea begi mpaka njiani. Nilikuwa wa kwansa kusema atoke. Sasa simu yangu hapokei. Kwa hiyo hapa ndani hatumtoi mtu. Hiyo ndiyo shelia yetu, hatuna nyingine. Tuimbe."

Wakaimba. Andrea alianza, sauti ya kwanza, nyembamba na yenye hofu. Nikamwona dada yangu anavuta pumzi. Sauti ya pili ikaingia chini yake, taratibu, kama mtu anayeingiza mkono chini ya mzigo wa mwingine. Mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wa saba. Sauti ile ilikuwa haijasikika kwa mtu. Modesta aliacha kuimba ili asikilize. Nami nilikuwa nimekaa karibu na mlango kama dereva.

Wimbo ulipoisha Bibi alimwambia, "Sema kitu ukitaka. Usipotaka, kula."

Sekela akasema. Alisema kuhusu kwaya, kuhusu mawe ya chini ya dirisha, kuhusu mkungu ambao haukupata mtu. "Hilo ningelibeba," alisema. "Watu kukosa hela ni kawaida. Lakini kulikuwa na rafiki yangu mmoja. Alibaki mmoja tu. Na ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akasema wanaume wasijisumbue, wanawake ndio wauoe huo mkungu. Nimekuwa nikijiuliza alikuwa ananicheka tangu lini. Kila alipokuja na daftari, alikuwa ananicheka? Nimeshindwa hata kumsalimia njiani. Rodrick wangu."

Nilisimama. Nilisema naenda kuangalia pikipiki isilowe.

Mlango wa jikoni ukafunguka kabla sijafika wa nje. Mwanamke akatokea ameshika sinia la ndizi mbivu za kukaanga, ndizi zetu, mvuke unampanda usoni. Alikuwa amevaa koti jekundu.

"Nkunga?" alisema. "Mavuno ya Nkunga? Mimi nilikuwepo. Nilinunua jogoo." Akaweka sinia chini, akamgeukia Bibi. "Si ndiyo ile niliyowasimulia? Tukamwombea yule dada, na jina lake nilikuwa nimelisahau? Ndiye huyu?" Akamshika Sekela mkono. "Mimi Tulia. Pole, mdogo wangu. Lakini Rodrick ndiyo nani? Yule mrefu aliyebeba mazao?"

"Ndiye huyo."

"Aa, hapana. Yule hakusema neno. Yule alitoka nje akiwa na machozi, alinikanyaga mguu mlangoni. Aliyesema ni dalali, kale kavulana ka shati jeupe, kenye mdomo..."

Alikuwa ameniona.

Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo. Mvua ilikuwa inapiga bati, na mimi, mtu wa kuuza yai mara nne, nilitafuta neno moja tu, hata la bei rahisi, sikulipata.

Sekela hakupaza sauti. "Gwakisa," alisema. "Mdogo wangu. Kaa chini."

Bibi Alinanuswe alinitazama kuanzia viatu mpaka usoni, polepole, kisha akachukua sahani akaanza kunipakulia ndizi.

"Kumbe deleva ana dada," akasema.